Pleya ya muziki yenye nafasi kubwa: cha kupima kabla hujalipa, Arusha na Moshi

Ukiingia maduka ya simu ya Barabara ya Sokoine, Arusha, au yale yanayozunguka stendi ya Moshi, ukaulizia pleya ya muziki yenye nafasi kubwa, kwa kawaida utawekewa vitu viwili mezani. Kimoja ni kipleya cha plastiki chenye vitufe vitano, boksi lake limeandikwa 128GB kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni. Kingine ni simu. Pleya za maana, zilizotengenezwa kwa ajili ya muziki tu, mara nyingi ni za kuagiza Dar es Salaam, Nairobi au nje kabisa, na kitu cha kuagiza huwezi kukishika kwanza ukakigeuzageuza. Ni rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ushauri wetu mkubwa ni huu: namba ya GB iliyo kwenye boksi iangalie mwisho. Nafasi inanunuliwa kwenye memori kadi. Pleya inanunuliwa kwa sababu ya tundu la kadi, programu inayobeba maelfu ya nyimbo bila kuganda, na betri. Yenye 8GB za ndani na tundu la kadi linalofanya kazi sawasawa inaipiku yenye 128GB za ndani isiyo na tundu. Hiyo ya pili ikijaa ndiyo imejaa, na hifadhi yake ikifa imekufa na pleya yote.

Anza na hesabu ya muziki wako mwenyewe. MP3 ya kbps 320 (kbps ni kiasi cha data kwa kila sekunde ya wimbo) inakula takriban MB 2.4 kwa dakika. Ya kbps 128, ambayo ni kawaida kwa nyimbo za kuingiziwa vibandani, haifiki MB 1 kwa dakika. FLAC, aina ya faili inayobana muziki bila kuupunguzia ubora, ikitolewa kwenye CD iko kati ya MB 5 na 7 kwa dakika, kutegemea muziki: gitaa na sauti ya mtu mmoja vinabanika vizuri, singeli iliyojaa mwanzo mwisho haibaniki sana. FLAC ya biti 24 na kHz 96, yaani yenye data nyingi kuliko ya CD, inaweza kufika MB 20 kwa dakika. Matangazo ya pleya huhesabu wimbo wa dakika tatu au nne, lakini dansi la zamani na rumba hufika dakika saba, nane, hata kumi, kwa hiyo mwenye maktaba ya namna hiyo ahesabu dakika, asihesabu nyimbo. Kadi ya 256GB inabeba kama saa 1,700 za MP3 za kbps 320, au saa 600 na ushee za FLAC ya CD. Kwa watu wengi hapo panatosha. 512GB ni ya mwenye rundo la CD alizozihamisha kwa FLAC. 1TB ni ya mwenye FLAC nyingi za biti 24, au DJ. Na kama nyimbo zako zote ni MP3 za kbps 128, usizigeuze kuwa FLAC kwa matumaini ya kupandisha ubora: kilichokwishakatwa hakirudi, unaongeza uzito tu.

Kadi ndiyo inayoliza watu

Kadi ya 256GB ikifunguliwa kwenye Windows inaonesha GB 238 hivi, ya 512GB inaonesha 476, ya 1TB inaonesha 931. Hapo hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000 na Windows inahesabu kwa 1,024. Wizi uko kwingine.

Kadi feki ni kadi ndogo, tuseme ya 16GB au 32GB, iliyochezewa kidhibiti chake ili itaje ukubwa isiokuwa nao. Ukiichomeka inaonesha GB 238 bila wasiwasi. Unaingiza nyimbo, mamia ya kwanza yanapiga safi. Ukivuka ukubwa wake wa kweli inaendelea kupokea, majina ya faili yanaonekana, lakini ndani hamna kitu, au data mpya imeandikwa juu ya ile ya zamani. Kwenye pleya dalili zake ni wimbo unaoruka baada ya sekunde moja, wimbo unaoanza na sauti ya mtu mmoja na kumalizikia kwa mwingine, au folda yenye majina ya alama za ajabu ajabu. Mwenye nayo anapeleka pleya kwa fundi, na pleya haina kosa lolote.

Kipimo chake ni kimoja tu: ijazwe yote, kisha isomwe yote. Kwenye Windows programu ya kazi hiyo inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3, zote za bure. Tumia kisoma kadi cha USB, usipitie kwenye pleya. Hakikisha kadi haina kitu, ielekeze programu kwenye kadi hiyo, chagua nafasi yote, anzisha, ondoka. Kadi inayoandika MB 20 kwa sekunde inahitaji zaidi ya saa tatu kuandika 256GB, na baada ya hapo kuna muda wa kusoma. Ni kazi ya kuiacha usiku kwenye laptop yenye betri nzuri, maana umeme ukikatika katikati kwenye kompyuta ya mezani unaanza upya. Kadi halisi itaripotiwa haina kosa. Feki itatajiwa kiasi cha data kilichopotea, na hapo ndipo utakapoujua ukubwa wake halisi.

Muuzaji hawezi kukusubiri saa tatu dukani, kwa hiyo patana naye kabla hujatoa hela. Risiti ya EFD iandikwe aina na ukubwa wa kadi, na mkubaliane kwamba ikishindwa kipimo inarudi ndani ya siku mbili. Akikataa sharti hilo, amekwishakujibu. Na kadi ya 1TB inayouzwa kwa bei ya 64GB haihitaji kipimo chochote.

Usilipie mwendo usiouhitaji. Alama za A1, A2 au V30 ni kwa ajili ya programu za simu na kamera. Hata FLAC ya biti 24 na kHz 192 haihitaji MB 2 kwa sekunde kupiga. Mwendo utauhitaji siku ya kujaza tu: 200GB kwa MB 20 kwa sekunde ni karibu saa tatu, kwa MB 80 ni dakika arobaini na kidogo. Hii pia ni sababu ya kuingiza nyimbo kwa kisoma kadi cha USB 3 na si kwa waya wa pleya, kwani pleya nyingi, hata za bei kubwa kidogo, bado zinatumia USB 2.0.

Suala la kufomati linawasumbua wengi bila sababu. Kadi zinazozidi 32GB huja zikiwa na mfumo wa faili wa exFAT. Pleya mpya nyingi zinaisoma, lakini redio nyingi za magari, pleya za zamani na zile zinazoendeshwa na Rockbox (programu ya bure inayochukua nafasi ya ile ya asili ya pleya) zinataka mfumo wa zamani wa FAT32. Windows kwa miaka mingi imekuwa ikikataa kufomati FAT32 kwa kadi kubwa kupitia dirisha lake la kawaida, ndiyo maana utaambiwa haiwezekani. Inawezekana: programu ndogo ya guiformat, au Rufus, inaimaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Kizuizi cha FAT32 ni kwamba faili moja isizidi 4GB, jambo ambalo haliwezi kukukuta kwenye nyimbo, labda uwe na rekodi ya WAV ya mkesha mzima. Kosa la kuogopa zaidi kwenye exFAT ni kuchomoa kadi bila kuitoa kwanza kwenye kompyuta. Faharasa ya kadi inavurugika, na pleya inadai kadi haisomeki wakati nyimbo zote zimo.

Pleya zenyewe

Hivi vipleya vya mezani dukani tuvimalize haraka. Vinafaa kwa mazoezi ya kukimbia na nyimbo mia mbili. Vikipewa kadi kubwa vinaelemewa, kwa sababu orodha ya nyimbo inawekwa kwenye kumbukumbu ndogo mno. Vingine vinaacha kuonesha nyimbo baada ya idadi fulani, vingine vinakaa dakika nyingi kila vinapowashwa. Kasoro nyingine ni mpangilio. Vingi havifuati alfabeti wala namba ya wimbo bali mfuatano ambao faili ziliingizwa kwenye kadi, ndiyo maana albamu inaanza na wimbo wa saba. Hilo lina dawa: FATSorter au DriveSort hupanga upya faharasa ya kadi ya FAT32, na kipleya kikatii.

Kwa bajeti ya chini kuna Snowsky Echo Mini ya FiiO, iliyotoka kwa kama dola 60, ina umbo la kukumbusha redio za kaseti. Ndani ina 8GB, inapokea kadi hadi 256GB, na ina matundu mawili ya hedifoni, la mm 3.5 na la mm 4.4. Haina Android wala Wi-Fi, na hiyo ni sifa nzuri: inawaka haraka na haidai akaunti ya mtu. Tatizo ni vitufe. Kushuka kwenye orodha ya wasanii mia tisa kwa kubonyeza kimoja kimoja ni adhabu, kwa hiyo humo panga muziki kwa folda, herufi kwanza, kisha msanii, kisha albamu. Innioasis Y1, ya karibu dola 50, inavutia kwa sura yake ya iPod na 128GB za ndani, lakini haina tundu la kadi, na kwa kipimo tulichokiweka hapo juu inashindwa.

Shanling M0 Pro inakaribiana na boksi la kiberiti kwa ukubwa na sauti yake ni ya kikubwa, nayo inategemea kadi. Skrini yake ya kugusa ni ya inchi 1.54. Ofisini Njiro hakuna shida. Ndani ya Land Cruiser inayorukaruka kwenye barabara ya vumbi, kidole kinagusa kila kitu isipokuwa wimbo unaoutaka.

Ukipanda hadi kwenye pleya za Android, mbili zinastahili hela. FiiO JM21, kama dola 200, inatumia Android 13, ina matundu ya mm 3.5 na mm 4.4 na inapokea kadi hadi 2TB. Sony NW-A306 inaandikwa 32GB, lakini zinazobaki kwa mtumiaji ni kama 18, na kadi ndiyo inayoiokoa. Ina tundu la mm 3.5 peke yake. Betri ndiyo sifa yake: Sony wanaitajia hadi saa 36 kwa FLAC ya kHz 44.1. Hesabu za watengenezaji hufanywa skrini ikiwa imezimwa na Wi-Fi imefungwa, kwa hiyo usizichukue zote. Hata ukizikata theluthi, bado dereva wa utalii anakaa siku mbili porini bila kutafuta chaja. Kwa mwenye hedifoni kubwa zinazodai nguvu, za ohm 150 au 300, JM21 ndiyo yake. Kwa anayetumia hedifoni za kawaida za ohm 16 hadi 32 na anayejali betri, ni Sony. Kuhusu tofauti ya ubora wa sauti kati ya hizi mbili, usipoteze usiku kusoma mabishano. Hela ya tofauti hiyo weka kwenye hedifoni.

Pleya ya Android iwashwe mara ya kwanza mahali penye mtandao mzuri, isasishwe, programu zisizohitajika zizimwe, kisha Wi-Fi ifungwe. Na kama unategemea nyimbo ulizopakua ndani ya Spotify, kumbuka zinataka pleya iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Faili zako mwenyewe hazimwombi mtu ruhusa.

Bei hizi za dola ni za huko zinakouzwa. Juu yake kuna usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, na wasafirishaji wengine wa anga hukataa vifurushi vyenye betri za lithiamu, hivyo muulize wakala wa mizigo kabla hujalipa kiwandani.

iPod ya mtumba, na habari ya mlima

iPod classic bado zinatembea mikononi mwa watu, na bado kuna wanaoziapia. Jina hilo lilianza 2007, toleo la mwisho ni la 2009 lenye 160GB, na Apple waliacha kuziuza 2014. Kwa hiyo hata iliyo mpya kabisa ina umri. Za 160GB ziko mbili: ya 2007 ni nene, mm 13.5, na ya 2009 ni nyembamba, mm 10.5. Tafuta nyembamba.

Ukipewa kuishika, iangalie kwanza kwa ubavu. Mgongo wa chuma ukiwa umetuna, au skrini ikiwa na doa linalohama ukibonyeza, betri imevimba, irudishe. Kisha shikilia kitufe cha Menu pamoja na cha kati mpaka nembo ya tufaha itokee, na papo hapo hamia kushikilia cha kati pamoja na cha kurudisha nyuma. Itafunguka menyu ya vipimo. Ingia kwenye kipimo cha mkono, kisha IO, kisha HardDrive, utafute ukurasa wa SMART, unaoonesha afya ya diski. Neno la kutazama ni "Reallocs": hizo ni sehemu za diski zilizokufa zikahamishiwa pengine. Sifuri ni nzuri. Makumi ni dalili mbaya, na mamia maana yake unanunua kasha. Hapo hapo utaona saa ambazo diski imezunguka. Muuzaji anayesema "imetumika kidogo" atasahihishwa na namba hiyo.

iPod haisomi FLAC kwa programu yake ya asili, na nyimbo ulizozivuta tu na kuziweka ndani kama kwenye flashi hazionekani, lazima zipitie iTunes. Iliyofomatiwa kwa Mac haisomeki kwenye Windows mpaka ifutwe yote. Rockbox inaondoa vikwazo vya FLAC na iTunes, ila inataka diski iwe FAT32.

Sasa kuhusu mlima, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Ndani ya iPod classic kuna hard disk ya inchi 1.8, sahani inayozunguka, na kichwa cha kusomea hakiigusi sahani bali kinaelea juu ya tabaka jembamba mno la hewa. Hewa ikipungua, kichwa kinashuka. Apple wenyewe waliandika kikomo cha matumizi kuwa mita 3,000. Arusha na Moshi mjini haikuhusu, na ukingo wa Ngorongoro haukuhusu. Lakini kwa njia ya Marangu, kibanda cha Mandara kiko mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720. Maana yake ukilala Mandara unasikiliza, na ukianza kupanda kuelekea Horombo uizime kabisa. Ikiwa imezimwa, kichwa kimeegeshwa na haina neno. Ikipiga muziki huko juu, kichwa kinaweza kukwaruza sahani na hapo hakuna fundi. Mwongoza watalii au mpagazi anayepanda mara kwa mara asinunue kitu chenye diski ya kuzunguka, hata apewe bei ya kutupa. Mtikisiko wa gari porini nao unaila diski hiyo polepole.

Dawa yake ni kuitoa diski na kuweka adapta ya memori kadi, kama zile za iFlash. Toleo la 2009 ndilo linalofaa zaidi, kwani yale ya 2007 na 2008 yanajulikana kugoma kadi zinazozidi 128GB. Fundi wa simu mwenye mkono mtulivu anaweza, lakini mwambie mapema kwamba mgongo wa chuma umeshikwa na vibano vinavyopinda na havirudi sawa, na kwamba utepe wa betri ni mfupi na unachanika ukifungua kwa pupa. Hapo ndipo iPod nyingi hufia.

Pleya za kadi hazijali kimo. Zinachojali ni baridi. Betri ya lithiamu ikiwa chini ya sifuri hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kwa muda, na pleya huzima ikiwa imeandika asilimia 40. Iwekwe ndani ya koti, karibu na mwili, si kwenye mfuko wa begi. Na usiichaji ikiwa imeganda. Isubiri ipate joto kwanza, kwani kuchaji lithiamu kwenye baridi kali kunaiharibu moja kwa moja.

Simu ya pembeni

Haki isemwe: kwa mtu mwenye bajeti ndogo, simu ya Android ya zamani yenye tundu la mm 3.5 na sehemu ya memori kadi inazishinda pleya nyingi zilizotajwa hapa. Itolewe laini, iwekwe kwenye hali ya ndege, programu zote za ziada zizimwe, iwekwe Musicolet, ambayo haina hata ruhusa ya kuingia mtandaoni, au Poweramp ya kulipia. Angalia tu kikomo cha kadi cha simu hiyo na hali ya betri. Kinachokosekana ni vitufe vya kubadilisha wimbo ukiwa umeiweka mfukoni, na nguvu ya kusukuma hedifoni kubwa.

Kujaza na kupanga

Maktaba kubwa huharibiwa na tagi, yaani maelezo ya msanii, albamu na wimbo yaliyo ndani ya faili, kuliko kitu kingine chochote. Chukua mfano wa Msondo Ngoma. Bendi hiyo imekuwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA Jazz, ikawa OTTU Jazz, kabla ya kubaki Msondo Ngoma. Nyimbo zilizokusanywa huku na kule zitakuwa na majina yote manne, tena yameandikwa kwa namna tofauti tofauti, na pleya itazitawanya sehemu kumi kwenye orodha. Sikinde ni vivyo hivyo: hapa "Sikinde", pale "Mlimani Park", kwingine "DDC Mlimani Park Orchestra". Fungua Mp3tag kwenye kompyuta, chagua folda nzima, na sehemu ya msanii wa albamu andika jina moja kwa zote. Sehemu ya msanii wa wimbo iache na jina la wakati ule, historia isipotee. Dawa hiyo hiyo inatibu Bongo Fleva, ambako kila "ft." inazaa msanii mpya kwenye orodha. Kisha iambie pleya ipange kwa msanii wa albamu. Isiyo na chaguo hilo, tumia folda.

Picha za kava zipunguzwe hadi pikseli 500 kwa 500. Picha ya 3000 kwa 3000 ndani ya kila wimbo inachelewesha pleya na kula nafasi. Ikiwa kava haionekani kabisa ingawa ipo, mara nyingi ni JPEG ya aina inayofunguka kwa hatua, na pleya nyingi haziijui. Ihifadhi upya kama JPEG ya kawaida. Anayeingiza nyimbo kwa Mac atakuta kila wimbo una pacha anayeanza na "._" na asiyepiga. Hayo ni mabaki ya Mac, yafute.

Mara ya kwanza kadi yenye nyimbo elfu ishirini inapoingia, pleya itachukua muda mrefu kuzisoma. Ichomeke kwenye chaja na usiiguse. Ikiganda kila mara mahali pale pale, kuna faili moja mbovu. Gawanya folda nusu kwa nusu, jaribu kila nusu, na utaipata. Na nakala ya kila kitu ibaki kwenye hard disk ya nje nyumbani, kwa sababu kadi hufa bila taarifa.

Siku ya kwenda dukani beba hedifoni zako, kadi yako iliyojaa, na waya wako wa USB-C. Piga wimbo unaoujua, kisha simamisha na usikilize kama kuna mvumo. Tikisa kidogo pini kwenye tundu. Sauti ikikatika upande mmoja, tundu limelegea. Piga rekodi ya kwaya isiyo na mapengo kati ya wimbo na wimbo, uone kama pleya inaweka kimya katikati. Halafu ichaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili: nyingi za bei ndogo hazipokei moto hivyo, zinataka waya wenye USB ya kawaida upande wa chaja. Si ubovu mkubwa, ila ujue mapema.

Kwenye gari, usitegemee kuchomeka pleya ya Android kwenye USB ya redio. Huwasiliana kwa mfumo wa MTP, na redio nyingi zinasoma flashi tu. Tumia waya wa AUX. Ukisikia mluzi unaopanda na kushuka na mzunguko wa injini, chanzo ni kuichaji pleya kwenye tundu la gari huku AUX imechomekwa: umeme wa chini (ground) unapita njia mbili na kufanya mzunguko. Chomoa chaja uone kama mluzi unakata. Ukikata, nunua kichujio kidogo cha kukata mzunguko huo wa umeme kinachokaa katikati ya waya wa AUX, au chaji kwa power bank. Sauti ya pleya iweke karibu asilimia 80, na iliyobaki ipandishe kwenye redio.